Mashine Imefika, Mwalimu Yuko Wapi?



Katika mazungumzo yetu ya wiki hii nataka tuliangalie jambo ambalo mzazi yeyote wa Dodoma mwenye mtoto wa sekondari atalitambua mara moja. Ukitaka mwalimu wa tuisheni wa hisabati, huhangaiki. Utaulizia Chang'ombe, Majengo au Nkuhungu, na kabla jua halijazama utakuwa umeelekezwa kwenye nyumba tatu zenye ubao ukutani na mabenchi uani. Wa fizikia yupo, wa kemia yupo, wa Kiingereza ndio usiseme. Lakini ulizia mwalimu wa kompyuta, yule anayeweza kumwandaa mwanafunzi kwa mtihani wa taifa, uone utakavyozungushwa.

Wapo wanaosema kwamba hili si la kushangaza, kwa sababu kompyuta ni kitu cha juzi. Mimi sikubaliani nao. Kompyuta imeingia nchini mwetu zamani kuliko wengi tunavyodhani, na upungufu huu wa mwalimu una historia yake. Wahenga walisema, usiangalie ulipoangukia, angalia ulipojikwaa. Basi naomba turudi nyuma kidogo.

Kompyuta ya kwanza Tanzania Bara ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka minne tu baada ya Uhuru. Ilikuwa ni mashine ya kampuni moja ya Kiingereza, aina ya ICT 1500, na kazi yake ilikuwa ni hesabu za Serikali. Nia ilikuwa njema kabisa. Taifa changa lilitaka lijue kila senti inakwenda wapi. Tatizo ni kwamba waliojua kuiendesha walikuwa wageni, na makarani wetu waliozoea vitabu vya hesabu hawakuandaliwa vya kutosha kuipokea kazi ile. Mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa, na Hazina ikalazimika kurudia njia zake za zamani.

Ndipo ukaja mwaka 1974. Wakati huo kompyuta zilizokuwa nchini zilikuwa saba hivi. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani, ukame ulikuwa umetupiga, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Serikali ikatoa amri ya kupiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na seti za televisheni bila kibali maalumu. Ndiyo maana wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi katika miaka ile ile ya 1970, na sisi wa Bara tukasubiri hadi 1994 kupata kituo cha kwanza. Kompyuta nazo zikabaki kuwa vitu vya kuombewa kibali.

Siwalaumu waliotoa amri ile. Mtu aliyeungua kwa uji wa moto hupuliza hata maji. Lakini naona walilitibu tatizo upande mmoja. Kilichopungua Hazina kilikuwa ni watu waliofundishwa, na amri ilishughulika na mashine. Tulifunga mlango wa mashine bila kufungua mlango wa mwalimu. Kwa hiyo amri ilipolegezwa katika miaka ya 1980 na hatimaye kuondoka, mashine zilikuja mbio, na mwalimu akawa bado hajazaliwa.

Na ajabu ni kwamba katika miaka ile ile tulikuwa tumeonyesha kuwa tunajua kumpata mwalimu pale asipokuwapo. Wasikilizaji wa umri wangu wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Radio Tanzania ilitangaza masomo ya afya kwa majuma kumi na mawili, na watu wapatao milioni 2 wakajifunza kupitia kampeni ile. Je, walijifunza kwa sababu walikuwa na redio? Hapana. Redio ilikuwapo na kabla ya hapo. Siri ilikuwa kwamba yalifundishwa majeshi ya viongozi wa vikundi, wapatao 75,000, na kila kikundi kilikaa na kiongozi wake chini ya mti kikisikiliza, kikijadili, kisha kikienda kuchimba choo. Redio ilisema, na kiongozi akahakikisha kwamba limeeleweka.

Tena mwaka ule ule wa 1974, mwezi Novemba, likatolewa Azimio la Musoma, la kutaka kila mtoto aingie shule ya msingi. Walimu hawakuwapo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu huko huko vijijini huku wakifundisha, kwa kutumia masomo ya posta na redio. Wengine waliwadharau na kuwaita walimu wa UPE kwa kejeli. Ni kweli kwamba ubora ulitikisika, tusidanganyane. Lakini wengi wetu tuliokaa vijiji vya Ugogoni tunajua kwamba bila kijana yule wa darasa la saba, ndugu zetu wasingejua kuandika majina yao.

Sasa linganisheni na ilivyokuwa kwa kompyuta. Katika miaka ya 1990 walimu wa kwanza wa kompyuta mitaani walikuwa wapiga chapa. Pale mjini, katika vyumba vidogo vya kuchapa barua na kutoa fotokopi, dada aliyekuwa na taipureta alinunuliwa kompyuta na mwenye duka, na jioni akaanza kuwafundisha wengine kwa ada. Alifundisha alichokijua, yaani kuandika barua, kupanga jedwali, kuhifadhi kazi kwenye diski. Tumshukuru. Mwaka 1997 Wizara ilipotoa muhtasari wa somo la kompyuta kwa sekondari, shule chache sana ziliweza kulifundisha, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za binafsi. Ikaja Sera ya Taifa ya Tehama mwaka 2003, na sera ya Tehama kwa elimu ya msingi na sekondari mwaka 2007. Sera zikawa nyingi kuliko walimu.

Mwaka huo wa 2007 hapa kwetu kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma, kule Chimwaga. Ndani yake wakaanza kusoma vijana wa fani za kompyuta kwa mamia. Mtu angetegemea kwamba sasa shida imekwisha. Kisha mwaka 2014 chuo hicho kikaanzisha stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na Tehama, kwa lengo la kuziba pengo la walimu haraka. Mwishoni mwa Mei 2016, baada ya wahadhiri kusitisha kuwafundisha kwa madai ya malipo, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa mpango huo walirudishwa nyumbani. Serikali ilisema pia kwamba wengi wao hawakuwa na sifa za kusoma chuo kikuu. Baadaye walichambuliwa, wachache wakabaki chuoni hapo, wengine wakapelekwa vyuo vya ualimu, na wengine safari yao ikaishia hapo. Na huo ndio mwaka ambao elimu bila ada hadi kidato cha nne ilianza, watoto wakafurika madarasani. Sifa za mwalimu ni jambo la lazima, sibishani na hilo. Nasema tu kwamba mwaka tulioongeza wanafunzi ndio mwaka tuliopunguza walimu watarajiwa.

Mimi mwenyewe nililigusa jambo hili kwa mikono yangu. Binti wa dada yangu anaishi nyumbani kwangu, na alikuwa anaingia kidato cha tatu. Shule yake ilikuwa na chumba chenye kompyuta, nzuri tu. Akaniambia, "Mjomba, kompyuta tunazo. Mwalimu wetu amehamishwa. Nikichagua somo hili nitaandika nini kwenye mtihani?" Alikuwa na majuma machache ya kuamua, alishike somo au aliache, na akiliacha basi hesabu imekwisha.

Nikaanza kutafuta. Mtu wa kwanza alikuwa na darasa lenye bango kubwa karibu na Barabara ya Sita. Akaniahidi cheti baada ya miezi mitatu. Nilipomwonyesha maswali ya mitihani iliyopita, yanayotaka mwanafunzi aeleze hatua za programu na ahesabu kwa sifuri na moja, akasema kwamba hayo yeye hafundishi. Wa pili alikuwa fundi hodari wa simu na kompyuta, mkono wake wa dhahabu, lakini kufundisha kulimshinda. Kila alipoulizwa swali alimnyang'anya mtoto kifaa na kukifanya mwenyewe.

Wa tatu alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili pale Chuo Kikuu. Jumamosi ya kwanza hakugusa kompyuta kabisa. Alimwambia binti aandike hatua za kupika ugali wa uwele, kwa mtu asiyejua lolote. Akaandika hatua tano. Kijana akazisoma na kusema, "Dada, maji haya hayatachemka hadi kesho. Hujasema tuwashe moto." Binti akacheka, akafuta, akaandika upya hatua kumi na moja. Nilikuwa nimekaa pembeni na gazeti langu, nikaelewa kwa mara ya kwanza programu ni nini. Ni maelekezo kwa mtumishi asiyebahatisha chochote.

Tofauti hii ya kutumia kompyuta na kuielewa imewasumbua hata matajiri. Uingereza mwaka 1982 shirika la utangazaji la BBC lilianza kuwafundisha wananchi kompyuta kwa televisheni, tena likatoa na mashine yenye jina lake, ikaenea mashuleni. Lakini mwaka 2012 taasisi yao kuu ya wanasayansi, Royal Society, ikatoa taarifa kwamba somo shuleni lilikuwa limedorora, watoto wengi wakifundishwa kutumia programu za ofisi tu, na walimu wenye ujuzi halisi ni haba. Wakabadilisha mtaala mwaka 2014. Basi tusione haya, lakini pia tusijifariji kwa uchelewaji wa wengine.

Ndugu zangu, Jumamosi ya tatu walikuja watoto wa majirani wawili. Ya tano walikuwa sita kwenye meza yangu ya chakula. Wazazi tukachangiana, ada ya kila mmoja ikashuka, na kijana akapata nauli na cha kujikimu. Hapo ndipo nilipoikumbuka "Mtu ni Afya". Kikundi na kiongozi wake! Lakini nilikumbuka pia kwamba katika darasa la binti yule walikuwapo watoto zaidi ya thelathini waliotaka somo, na wengi wao hawana mjomba wa kuzunguka mji kutafuta. Tuisheni ya nyumbani inamwokoa mmoja mmoja. Shule ndiyo inayoweza kuwaokoa wote.

Kwa hiyo nina maoni matatu. La kwanza ni kwa wazazi. Msitafute peke yenu, undeni vikundi, na masomo yafanyike mahali pa wazi penye mtu mzima. Mnapomchagua mwalimu msidanganywe na vyeti ukutani. Mwonyesheni mtihani uliopita, na baada ya majuma mawili mwambieni mtoto awafundishe ninyi alichojifunza. La pili ni kwa wakuu wa shule. Chumba cha kompyuta kinachofungwa kwa kufuli siku ya Jumamosi kina faida gani? Kifunguliwe, mwalimu wa zamu awepo, na watoto wasioweza kuchangia nao waingie. La tatu ni kwa vyuo vyetu. Mwanafunzi wa kompyuta anayefundisha sekondari ya kata kwa muhula mzima ahesabiwe kuwa amefanya mafunzo kwa vitendo, chini ya usimamizi wa mwalimu mwenye sifa.

Haya hayahitaji mashine mpya hata moja. Kutoka Chimwaga hadi shule nyingi za jiji hili ni safari ya daladala tu. Wanaojua wako upande huu, wanaotaka kujua wako upande ule. Wakati ule tuliwapata viongozi 75,000 wa kuketi na watu chini ya miti. Leo siamini kwamba jiji lenye chuo kikuu litashindwa kupata kijana mmoja kwa kila shule.

Binti alilichagua somo, na Jumamosi hii wapo tena mezani, sasa wako nane. Ninaloomba ni meza hiyo ihamie shuleni.