Edward Tingatinga: mchoraji aliyeanza na rangi ya baiskeli

Usiku mmoja wa mwaka 1972, polisi wa Dar es Salaam walimpiga risasi mtu waliyemdhania kuwa mhalifu. Aliyeuawa alikuwa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji mwenye umri wa miaka 40. Kazi yake ya sanaa ilikuwa imedumu miaka minne tu.

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania, baba yake akiwa Mngindo na mama yake Mmakua. Kama vijana wengi wa kusini, aliondoka kwao kutafuta kibarua katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, ambako alifanya kazi ya kutunza bustani. Shule ya uchoraji hakuiona. (Wasomaji wanaolijua neno tingatinga kwa maana ya trekta wafahamu kwamba hapa ni jina la ukoo.)

Mwaka 1968 alianza kuchora kwa vifaa alivyovimudu: rangi ya kung'aa ya kupaka baiskeli, na masonaiti, ule ubao mwembamba ulioshindiliwa ambao mafundi huutumia kwenye dari. Aliukata vipande vya mraba, akapaka rangi moja ya usuli, kisha akachora mnyama mmoja, chui au tembo au ndege, akaujaza ubao karibu wote. Rangi hiyo hukauka ngumu na haifichi kosa. Huenda ndiyo sababu mistari yake ni michache na thabiti. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, na wanunuzi wengi walikuwa wageni.

Ndugu na jamaa walijifunza kando yake, miongoni mwao Simon Mpata, Kasper Tedo, January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu na Omari Amonde. Baada ya kifo chake waliendelea, na jina la mtu likageuka kuwa jina la mtindo. Mwaka 1990 wachoraji waliunda chama chao cha ushirika.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mtindo huo umeenea hadi katika maduka ya watalii ya Zanzibar na Nairobi, na mwaka 2010 ukaonekana katika katuni za watoto za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi. Mchoraji wa kibandani, anayerudia twiga yuleyule kwa kuwa ndiye anayenunuliwa, mara nyingi hana sauti juu ya pale picha inapoishia. Zipo pia picha zenye saini ya Tingatinga ambazo wataalamu wanabishania iwapo kweli aliziweka yeye.

Kwa wasikilizaji walioko Australia, kisa hiki kina jirani yake. Mwaka 1971, huko Papunya katika Northern Territory, wazee wa jamii za Asili za jangwa la kati walianza kuchora hadithi za ardhi yao, nao pia juu ya vipande vya mbao walivyovipata. Wao waliunda kampuni yao wenyewe, Papunya Tula, mwaka 1972, mwaka uleule aliouawa Tingatinga. Wenzao wa Dar es Salaam walisubiri miaka 18 zaidi kabla ya kuwa na chombo chao cha ushirika.