Gurdwara za Afrika Mashariki: nyumba za ibada zilizozaliwa na reli na mkonge

Anayetoka Mkwaja kwenda Tanga mjini hufuata barabara ya pwani mpaka Bweni, akavuka Mto Pangani kwa kivuko, kisha akaendelea na safari. Kabla ya kivuko yuko jirani na Kikogwe, mahali ulipooteshwa mkonge wa kwanza wa Tanganyika. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida, Marekani, mwaka 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga. Mkonge na reli ndivyo vilivyoufungua ukanda huu kwa watu wa mbali, wakiwamo mafundi wa Kisingasinga kutoka Punjab, Bara Hindi.

Wazee wa pwani wanawakumbuka Masingasinga kwa ufundi. Walikuwa maseremala, wahunzi, waashi na mafundi mitambo. Injini ikigoma karakanani, ndio walioitwa. Lakini kuna urithi mwingine walioujenga kwa mikono hiyohiyo, nao hautajwi sana: gurdwara, nyumba zao za ibada. Kila walikokita makazi walijenga gurdwara, na kila walikoijenga walianzisha jiko.

Chini ya mti, Makindu

Gurdwara mashuhuri kuliko zote katika ukanda wetu iko Makindu, nchini Kenya, kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Historia yake ni ya reli ya Uganda, iliyojengwa kuanzia 1896 hadi 1901 kutoka Mombasa mpaka Ziwa Viktoria. Waingereza waliwaleta vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao kutoka Punjab: Waislamu, Wahindu na Masingasinga. Takriban 2,500 walifia kazini, kwa maradhi, ajali na simba wa Tsavo.

Makindu ilikuwa kituo kikubwa cha reli hiyo. Masimulizi ya wenyeji wa gurdwara yanasema wafanyakazi walikuwa wakikusanyika jioni chini ya mti, baada ya kazi, wakamtaja Mungu pamoja bila kujali nani wa dini gani. Mwaka 1926 Masingasinga wa reli wakajenga gurdwara mahali hapo. Shughuli za reli zilipohamishwa, mji ulipungua na nyumba ile ikabaki na waumini wachache kwa miaka mingi. Baadaye Masingasinga wa Kenya waliirudia, wakaitengeneza na kuipanua. Leo iko wazi usiku na mchana. Dereva wa lori, abiria wa basi, mtalii au mpita njia asiye na kitu anapata chakula na mahali pa kulala, wala hadaiwi malipo.

Kitabu juu, watu wote chini

Ili kuielewa Makindu, inafaa kurudi Punjab. Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Masingasinga na wa kwanza wa maguru, yaani walimu wake wakuu, alizaliwa mwaka 1469 mahali panapoitwa leo Nankana Sahib, nchini Pakistan. Alifundisha kwamba Mungu ni mmoja, kwamba binadamu wote ni sawa mbele yake, na kwamba mja ana wajibu wa mambo matatu: kumkumbuka Mungu, kula jasho lake, na kugawana alichonacho. Ndipo ulipoanza utaratibu wa langar, jiko la wote. Guru wa tatu, Amar Das, aliweka sharti kwamba anayetaka kumwona akae kwanza sakafuni ale na wengine. Katika nchi iliyogawanyika kwa matabaka, ambako mtu wa daraja la juu hakuthubutu kula na wa chini, sharti hilo lilikuwa mapinduzi.

Guru wa tano, Arjan, alikamilisha hekalu la Harmandir Sahib mjini Amritsar, likiwa na milango pande zote nne ili kila mtu aingie kwa upande anaotokea. Mwaka 1604 aliweka humo kitabu kitakatifu alichokikusanya. Ndani yake mna tungo za maguru, na pia za watu wa imani nyingine, akiwamo Sheikh Farid, sufi wa Kiislamu wa Punjab. Mwaka 1708 Guru Gobind Singh, wa kumi na wa mwisho, aliagiza kwamba baada yake hakutakuwa na guru mwingine wa mwili. Kitabu hicho ndicho guru. Kinaitwa Guru Granth Sahib, nacho kina kurasa 1,430.

Kwa hiyo ndani ya gurdwara hakuna sanamu. Kitabu huwekwa juu ya jukwaa, chini ya chandarua cha kitambaa cha heshima, na watu wote huketi sakafuni. Asubuhi kinafunguliwa kwa dua. Usiku kinafunikwa na kupelekwa chumbani kwake. Mwanamume au mwanamke, yeyote aweza kukisoma mbele ya waumini.

Mgeni huvua viatu mlangoni, hunawa, hufunika kichwa. Akiisha kuketi hupewa kiganjani halua ya moto ya unga wa ngano, samli na sukari. Kisha jikoni: watu wamejipanga mistari mkekani, mwenye suti kando ya mwenye kandambili. Anapita mtu na ndoo na upawa, anateka dengu. Nyuma yake mwingine anagawa chapati, na mpokeaji huipokea kwa mikono miwili. Nyama haipikwi, ili asiwepo wa kujizuia kwa sababu ya dini yake. Wanaopika na kuosha sahani ni watu wa kujitolea, na huenda anayesugua sufuria ni mwenye kampuni. Kwao kazi hiyo yenyewe ni ibada.

Walivyoenea kwetu

Ardhi ya Tanga ina kumbukumbu nyingine ya Masingasinga. Januari 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa jimbo la Jind la Punjab walikuwamo katika mapigano ya Jasini, karibu na mpaka wa Kenya. Utawala wa Waingereza ulipoingia, mafundi zaidi walikuja kufanya kazi relini, katika mashamba ya mkonge na katika ujenzi. Gurdwara zikainuka Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha na Mwanza.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 na utaifishaji wa majengo wa 1971, familia nyingi za Kiasia zilihamia Uingereza na Kanada. Waumini wakapungua katika miji ya mkonge. Lakini waliohama hawakuiacha desturi nyuma. Bhai Puran Singh, aliyeishi Kericho, Kenya, alihamia Uingereza miaka ya 1970, akaongoza jumuiya ambayo gurdwara yake iko Handsworth, Birmingham, na jiko lake linalisha watu kila siku. Kericho nako kumejengwa gurdwara kubwa kwa heshima yake.

Historia hii ni yetu sote. Wako wazee wa Muheza, Korogwe na Pangani waliojifunza kushika msasa na spana kwa mafundi hawa, na kumbukumbu zao hazijaandikwa. Shule, makumbusho na vyombo vya habari vya Tanga vianze kuzikusanya sasa, wenyewe wangali hai. Nawe msomaji, ukisafiri kwenda Nairobi kwa njia ya Mombasa, shuka Makindu. Funika kichwa, keti na wenzio, ule. Na ukimaliza, ingia jikoni uoshe sahani mbili tatu, kwa ajili ya mgeni anayefuata.