"His Husband": Vineno Vidogo vya Kiingereza kwenye Njia ya Tabora

Ndani ya sanduku la bati la marehemu baba, hapa Nzega, kuna kaunta buku lenye doa la mafuta ya taa kwenye pembe. Kurasa za mwanzo ni hesabu za pamba, maana baba alikuwa karani wa chama cha msingi: jina la mkulima, kilo, shilingi. Kuanzia katikati ni Kiingereza. Sentensi zimepangwa mstari kwa mstari, kila moja na nafasi yake ya kujaza, na baba amejaza kwa kalamu ya bluu: "a", "an", "the", "my", "his", "her". Juu yake umepita wino mwekundu wa mtu mwingine. Mwekundu ni mwingi kuliko wa bluu.

Baba alisoma jioni, baada ya kazi, miaka ile ya kampeni ya elimu ya watu wazima. (Mwaka 1970 wote ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu hiyo.) Baadaye akaitwa kwenye usaili wa kazi, ofisi nitakayoiacha bila jina. Akaulizwa kwa Kiingereza habari za mama mmoja aliyefanya naye kazi. Baba akasema yule mama anaishi karibu na ghala pamoja na "his husband". Chumba kizima kikacheka. Alitusimulia mara moja tu, na tangu siku ile mpaka anafariki sikumsikia akitamka sentensi ya Kiingereza. Mgeni akimuuliza njia, alinyoosha mkono.

Mwaka huu binti wa kaka yangu, yuko kidato cha pili, alikuja na zoezi lake. Nikaona "the woman and his husband", na msitari mwekundu chini yake. Akaniuliza, "Shangazi, kwani kanuni yake ni ipi? Shuleni wanasema tutazoea tu." Sikuwa na jibu la papo hapo. Nilichofanya ni kurudi kwenye vitabu, na si vya sarufi peke yake, kwa sababu nilitaka kujua vineno hivi vilifikaje huku bara kwetu na vilimfanya nini kila aliyevishika kabla ya baba.

Kiingereza kimekuja kwa njia ya wapagazi. Tarehe 7 Novemba 1857 Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kazeh, mji wa Waarabu na Waswahili ambao leo ni Tabora. Mwaka uliofuata Speke akapanda kaskazini, upande huuhuu wa Nzega, hadi kwenye ziwa kubwa. Watu wa huko walikuwa wakiliita nyanza, yaani ziwa. Ziwa gani? Lile, wote wanalijua. Kwao "the" ilikuwa kichwani, haikuhitaji kutamkwa. Speke yeye akalibandika jina la malkia wake.

Lakini mtu ninayemfikiria zaidi si Burton wala Speke. Ni Jacob Wainwright. Alikuwa mtoto wa Kiyao aliyenaswa na biashara ya utumwa, akaokolewa baharini, akapelekwa India kusoma shule ya wamisionari karibu na Nasik. Mwaka 1872 aliajiriwa kwenye kundi lililopelekwa kwa Livingstone, na ni huku Unyanyembe, jirani na Tabora, walipomkuta mzee akisubiri. Livingstone alipofariki mwaka 1873, kina Chuma na Susi waliukausha mwili na kuubeba. Wainwright alichonga kwenye mti jina la marehemu, tarehe, na majina ya wakuu wa msafara. Hapo hakukuwa na kazi ya "a" wala "the", majina matupu yalitosha. Ila Wainwright aliandika pia shajara ya safari, kwa Kiingereza. Msafara ulipita tena Unyanyembe, ukakutana na Cameron aliyewashauri wamzike hukohuko, wakakataa, na Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Kwa hiyo mwaka 1873 tayari Mwafrika alikuwa kwenye njia hii akiamua, sentensi hadi sentensi, lini aandike "a", lini "the", lini "our". Petina Gappah amempa sauti kwenye riwaya yake ya 2019, *Out of Darkness, Shining Light*, na sauti hiyo ina majivuno ya mtu aliyesoma. Namwelewa. Ukishavishika vineno hivi ukiwa umezungukwa na watu wasiovijua, utajivuna kidogo. Wainwright alirudi huku, akafa Urambo mwaka 1892. Urambo hiyohiyo ya mkoa wetu.

Na hapo ndipo vivumishi vya kumiliki vinapoanza kuuma. Soma kitabu chochote cha msafiri wa enzi ile, utakuta "my men", "my people", ukurasa baada ya ukurasa. Neno "my" lilibeba mtumwa, likambeba na mpagazi wa Kinyamwezi ambaye alikuwa mtu huru, aliyepatana ujira wake na aliyeweza kuutua mzigo na kwenda zake kama hakuridhika. Kwenye ukurasa huwezi kuwatofautisha. Kiswahili nacho hakina usafi wa kujivunia. Tippu Tip, aliyeijua Tabora vizuri sana, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, Brode akayachapa mwanzoni mwa karne ya 20, na W. H. Whiteley akayatia Kiingereza miaka ya 1950. "Watu wake" kwa Kiswahili inaweza kuwa ndugu zake, askari wake, watumwa wake, tena huyo mwenye watu anaweza kuwa mwanamume au mwanamke. Mfasiri hana ruhusa ya kukaa kimya hivyo. Kila "-ake" inamdai achague "his" au "her", na kila nomino inamdai "a" au "the". Lugha anayoitafsiri haikumwambia. Lazima amtazame mtu mwenyewe ndani ya hadithi.

Turuke sasa mpaka darasani. Waingereza walipochukua Tanganyika baada ya vita vya kwanza, Tabora ikapata shule ya serikali iliyojengwa kwa mfano wa shule za bweni za Uingereza, kwanza hasa kwa watoto wa machifu. Julius Nyerere alifika pale mwaka 1937. Baada ya Makerere alirudi Tabora kufundisha, 1946 hadi 1949, na akachagua St. Mary's, shule ya misheni, ingawa ya serikali ingemlipa zaidi. Watu wengi wanaishia hapo. Mimi nilisimama kwenye jambo dogo linalotajwa kwenye wasifu wake: nje ya saa za shule alikuwa akiwafundisha Kiingereza watu wazima wa mjini, bure. Yaani watu wazima wamekaa kwenye benchi, jioni, mbele ya kijana wa miaka ishirini na kitu, wakijifunza tofauti ya "a man" na "the man". Sijui kama kuna picha ya Mwalimu ninayoipenda kuliko hiyo, na haijapigwa.

Angalia, nimeandika "Mwalimu". Kuna Mtanzania aliyeuliza mwalimu yupi? Tanzania ina maelfu kwa maelfu ya walimu, lakini ukisema "Mwalimu alikataa" redioni, wote tunaona sura moja. Hiyo ndiyo "the" ya Kiswahili. Haina herufi, inakaa katikati ya msemaji na msikilizaji kama siri ya wawili.

Wakati mwingine inatoka nje ionekane. Nyumbani kwetu bibi alianza hadithi hivi: hapo zamani palikuwa na mtu mmoja. Sentensi ya pili: basi yule mtu akaoa. Hakusema "mtu mmoja" mara ya pili, angefanya hivyo tungedhani mtu mwingine ameingia hadithini. "Mmoja" humtambulisha, "yule" hutwambia ni huyohuyo. Na ukimwambia mtoto "nimesoma kitabu" ni kitabu chochote, ila "nimekisoma kitabu" anajua ni kile mlichokiongelea. Mie nilivyokua nikidhani "a" na "the" ni uchawi wa Waingereza! Kumbe "an" yao ilianza kama neno lao la kale la "moja", na "the" ilitokana na kionyeshi, ndugu wa "that". Kirumi cha kina Kaisari hakikuwa na kineno cha namna hiyo kabisa. Kilikuwa na "ille", maana yake "yule", na Wafaransa wakaisaga ikawa "le", Wahispania wakaifanya "el". Kwa hiyo bibi yangu, ambaye hakuwahi kushika kalamu, alikuwa akifanya mdomoni kile ambacho babu zao walikifanya mpaka kikawa sarufi. Hakuna aliyewahi kuniambia hili darasani. Tuliambiwa tujaze nafasi.

Na usidhani ni vitu vya kuchezea. Azimio namba 242 la Baraza la Usalama, la mwaka 1967, linataka majeshi ya Israeli yaondoke kwenye maeneo yaliyotekwa, na matini ya Kiingereza haina "the" kabla ya "territories". Maeneo yote au baadhi? Matini ya Kifaransa inasomeka kama yote. Wanasheria wamebishana miongo kwa kukosekana kwa neno la herufi tatu.

Nyerere mwenyewe alikutana na kineno hiki tena alipogeuka mfasiri wa Shakespeare. Alianza na *Julius Caesar* mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa *The Merchant of Venice*. Tazama jina la Kiingereza: ni mfanyabiashara mmoja, tena anayejulikana, "the". Ni Antonio, ingawa wasomaji wengi hujikuta wakimfikiria Shylock, maana ndiye anayebaki kichwani baada ya kufunga kitabu. Kiswahili hakimruhusu mtu kujificha nyuma ya "the". Nyerere akaiacha ile "the", akauacha na umoja, akaandika *Mabepari wa Venisi*. Wengi. Miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, wafanyabiashara wa Venisi wamekuwa tabaka zima. Unaweza kusema alipotosha, na wapo waliosema neno "bepari" limebeba siasa ambayo Shakespeare hakuijua. Kwa upande wangu naona alijibu kwa uwazi swali ambalo jina la Kiingereza linalipitisha chini chini: kati ya Antonio na Shylock, mwenye hatia ni yupi? Mtu aliyewafundisha wazee wa Tabora "a" na "the" alijua vizuri anakitupa nini.

Sasa nirudi kwa "his husband". Kiswahili kinapomiliki, hutazama kinachomilikiwa: kitabu chake, nyumba yake, mume wake, viatu vyake. Mwenye mali hatazamwi ni wa kike au wa kiume. Kiingereza hufanya kinyume, humtazama mwenye mali na hakijali mali yenyewe. Baba, kichwani mwake, alitazama kinachomilikiwa kama alivyozoea tangu utotoni. Mume ni mwanamume, basi "his". Mke ni mwanamke, basi "her". Hakukosea kwa kubahatisha, alifuata kanuni, tena kanuni inayotumiwa na mataifa makubwa. Mfaransa hufanya hivyohivyo: "son mari", "sa femme", neno hubadilika kwa kumfuata mume au mke anayetajwa, awe ni wa nani. Wale waliocheka chumbani siku ile wangecheka Paris nzima.

Nilimwambia hivyo binti wa kaka yangu. Akanyamaza, akaomba kuliona lile kaunta buku. Alipitisha kidole kwenye wino mwekundu wa babu yake, akahesabu. Kwenye ukurasa mmoja, makosa kumi na mawili, na tisa yalikuwa ya namna ileile moja.

"Kwa hiyo lilikuwa kosa moja, shangazi," akasema. "Sio kumi na mawili."

Halafu tukafanya zoezi letu. Nikamwambia anisimulie hadithi ya sungura kwa Kiswahili kwanza, na kila atakapotamka "mmoja" aandike "a", kila atakaposikia "yule", hata kama yuko kichwani tu, aandike "the". Kwa "his" na "her" nikamwambia asimame, ageuke nyuma, amtazame mwenye mali usoni kabla hajaandika. Sentensi nne za kwanza zilikwenda salama. Ya tano, mke wa simba alipomwita simba, akaandika "his husband", akaishangaa, akacheka mwenyewe, akaikata kwa kalamu ya bluu.

Kalamu nyekundu nilikuwa nayo mfukoni. Sikuitoa.