Perege wa Maziwa ya Kreta: Wenyeji na Wageni katika Maji ya Rungwe

Kusini mwa Mlima Rungwe, katika ardhi inayoteremka kutoka Tukuyu kuelekea Kyela, yametawanyika maziwa madogo ya kreta, yaani mashimo ya duara yaliyochimbwa na milipuko ya volkano na baadaye kujaa maji, ambamo samaki wamezaliana vizazi kwa vizazi wakiwa mbali na jamaa zao wa Ziwa Nyasa. Ziwa Masoko, lenye upana wa mita 700 hivi, lilitajwa na jarida la Science mwaka 2015 kwa sababu samaki wake mdogo, Astatotilapia calliptera, alionekana kuwa katikati ya safari ya kugawanyika kuwa spishi mbili, kwa kuwa madume wa ufukweni ni wa manjano ilhali wa kilindini ni wa buluu.

Ziwa Kiungululu, lililoandikwa zamani kwa jina la Chungruru, lina perege ambaye makazi yake ya asili hayajulikani kwingine kokote duniani. Mwanazuolojia Mjerumani Ernst Ahl alimwingiza katika orodha ya sayansi mwaka 1924, na leo anaitwa Oreochromis chungruruensis, akihesabiwa miongoni mwa viumbe walio hatarini mno kutoweka.

Wasiwasi juu ya perege wa namna hii hautokani na adui wa mbali bali na ndugu, yaani sato wa Nile, anayependwa na wafugaji kwa kukua upesi. Kwa kulinganisha, nchini Uingereza kindi wa kijivu walioletwa kutoka Marekani tangu 1876 waliwasukuma kando kindi wekundu wa asili kwa kushindania chakula na kwa kuwaambukiza ndui ya kindi, lakini jamii hizo mbili hazikuchanganya damu. Sato huchanganya: huzaana na perege wenyeji na kupata chotara wenye uwezo wa kuzaa, hivyo spishi ya asili huweza kumezwa huku nyavu zikiendelea kujaa, na hasara hiyo, iliyo nzito kuliko inavyodhaniwa, isionekane sokoni. Katika Ziwa Viktoria, ambako sato alipandikizwa katika miaka ya 1950, ngege, yaani perege wa asili wa huko, karibu wametoweka ziwani humo, ingawa sangara na uvuvi uliopindukia vilichangia. Na mwaka 2013 watafiti waliripoti kwamba sato amekwisha kuingia katika bonde la Ziwa Nyasa.

Ziwa la kreta ni dogo kiasi kwamba ndoo moja ya vifaranga, iliyomwagwa kwa nia njema ya kuongeza kitoweo, inaweza kubadili uzao wake wote, wala hakuna wavu unaoweza kumchambua chotara akishazaliwa. Kwa sababu hiyo ulinzi wa perege wa Kiungululu huanzia kwenye mabwawa ya vijiji jirani, ambako mfugaji anahitaji kupatiwa vifaranga vya perege wa bonde hilohilo la Nyasa kabla hajamfuata muuzaji wa sato.