Klabu ya Pamba ya Mwanza: Historia Fupi

Klabu ya mpira wa miguu ya Pamba, ambayo siku hizi hushiriki mashindano kwa jina la Pamba Jiji, ni miongoni mwa klabu chache za mikoani zilizowahi kutwaa ubingwa wa Tanzania, na pengine ndiyo iliyolipa gharama kubwa zaidi kwa kuporomoka kwa mwenye mali wake. Ilishuka daraja mwaka 2001, ikahangaika katika madaraja ya chini kwa miaka 23, na haikurejea Ligi Kuu hadi mwaka 2024. Matokeo ya uwanjani peke yake hayatoshi kueleza safari hiyo, kwa kuwa kila klabu hii ilipopanda au kushuka, chanzo kilikuwa kile kile, yaani nani aliyekuwa akilipa nauli, posho na mishahara ya wachezaji, na alizipata wapi fedha hizo.

Mahali ilipozaliwa klabu panafafanua sehemu ya jibu. Kata ya Igogo, iliyoko kusini mwa katikati ya jiji la Mwanza katika Wilaya ya Nyamagana, imejengwa juu ya mawe na vilima kando ya Ziwa Viktoria, ikipakana na kata inayoitwa kwa jina lile lile la Pamba. Na ukanda huo wote wa ufukweni, pamoja na bandari na reli iliyofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, ulikua kwa kutegemea shehena. Shehena kubwa ilikuwa pamba ya Usukuma. Wakulima waliileta katika vituo vya kununulia ikiwa bado na mbegu, ikapelekwa katika vinu vya kuchambulia, yaani mitambo inayotenganisha nyuzi na mbegu, kisha nyuzi zikafungwa marobota na kusafirishwa kwa reli hadi pwani. Biashara hiyo ndiyo iliyozaa mwaka 1955 muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima uliojulikana kama Victoria Federation, ambao Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri, na baada ya muungano huo kuvunjwa mwaka 1968 nafasi yake ikachukuliwa na Chama cha Ushirika cha Nyanza. Ushirika nao ulipofutwa mwaka 1976, ununuzi na uuzaji wa zao ukawa mikononi mwa mamlaka ya serikali iliyosimamia pamba, na Mwanza ikabaki kuwa kitovu cha zao hilo.

Klabu ya Pamba ilikuwa mtoto wa taasisi hizo. Katika miaka ya 1970 na 1980, wakati njia kuu za uchumi zilipokuwa mali ya umma, ilikuwa jambo la kawaida kwa shirika kuwa na timu yake ya mpira, na orodha ya klabu za wakati huo husomeka kama orodha ya mashirika: Reli ya Morogoro, Sigara ya Dar es Salaam, Ushirika ya Moshi, RTC Kagera. Kijana aliyejua kucheza alipata ajira katika shirika, akaandikwa kuwa karani, fundi au mlinzi, akapewa ruhusa ya kufanya mazoezi, na mwisho wa mwezi akapokea mshahara kama mfanyakazi mwingine yeyote. Utaratibu huu umebezwa sana na waliokuja baadaye kuwa haukuwa wa kulipwa wala wa ridhaa. Hata hivyo ndio uliowezesha miji isiyo na matajiri wa mpira kushindana na Simba na Yanga za Dar es Salaam, na tangu ulipoondoka hakujapatikana mwingine uliozisaidia klabu za mikoani kwa upana ule.

Kirumba, upande wa pili wa jiji, ulikuwapo uwanja wa kutosha kwa klabu yenye ndoto kubwa, nao ni Uwanja wa CCM Kirumba uliofunguliwa mwaka 1980. Pamba, ambayo mashabiki wake waliipa jina la TP Lindanda kwa kufuata mtindo wa klabu za Kongo kama TP Mazembe ya Lubumbashi, ilifikia kilele chake kati ya mwaka 1989 na 1992. Mwaka 1989 ilitwaa Kombe la Nyerere, lililokuwa shindano la mtoano la taifa, na kwa ushindi huo ikapata nafasi ya kucheza Kombe la Washindi barani Afrika mwaka uliofuata. Huko iliikuta Anse Boileau ya Shelisheli na katika mchezo mmoja ikaifunga mabao 12 kwa 1, matokeo ambayo wazee wa mpira wa Mwanza bado huyataja kila timu ya Tanzania inaposhinda kwa mabao mengi nje au ndani. Mwaka huo huo wa 1990 Pamba ikawa bingwa wa Ligi ya Muungano, yaani ligi iliyokutanisha timu bora za Tanzania Bara na zile za Zanzibar ili kumpata bingwa mmoja wa Jamhuri nzima. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kanda ya Ziwa iliyowahi kuwa bingwa wa nchi. Mwaka 1992 Kombe la Nyerere lilirudi tena Mwanza.

Wachezaji wa kikosi hicho walikuwa mtaji ambao klabu ilishindwa kuuhifadhi. George Masatu, beki wa kati, na Hussein Marsha, kiungo, waliondoka wakaenda Simba, na wote wawili walikuwamo katika timu iliyofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 na kufungwa na Stella ya Abidjan mbele ya mashabiki wa Dar es Salaam. Nteze John na Fumo Felician ni majina mengine ya enzi hiyo, pamoja na Khalfan Ngassa, ambaye mwanawe Mrisho, aliyezaliwa Mwanza, alikuja kuwa miongoni mwa wafungaji wakubwa kabisa katika historia ya timu ya taifa, Taifa Stars. Ukitazama safu hiyo ni vigumu kukubali maelezo yanayotolewa mara kwa mara kwamba Mwanza haina vipaji vya kutosha. Kilichokosekana hakikuwa kipaji.

Mwaka 1994 Bunge lilipitisha sheria iliyoruhusu wafanyabiashara binafsi kununua na kuchambua pamba, hatua iliyokuwa sehemu ya mageuzi ya soko huria yaliyokwisha kuanza katika sekta nyingine. Wanunuzi wapya walikuja na magari na vinu vyao, chombo cha umma cha zao kikapunguziwa kazi hadi kubaki msimamizi wa ubora na leseni, na ushirika ukalemewa na madeni. Hakuna kifungu cha sheria hiyo kilichotaja mpira, lakini athari yake kwa klabu ilikuwa sawa na ya amri, kwa kuwa mnunuzi binafsi hakuwa na sababu ya kuajiri beki wa kushoto kwa cheo cha karani wa mizani. Timu za mashirika nchini kote ziliyumba katika muongo huo, nyingi zikafa kabisa. Pamba haikufa, bali ilishuka daraja mwaka 2001, na baada ya hapo ikaendeshwa kwa michango ya wanachama, wadau na viongozi waliobadilika mara kwa mara.

Katika muda huo nafasi yake jijini ilishikwa na wengine kwa zamu. Toto African, yenye uhusiano wa kindugu na Yanga, ilipanda na kushuka mara kadhaa, mara ya mwisho ikiaga Ligi Kuu mwaka 2017. Mbao ilipandishwa mwaka 2016 baada ya timu zilizokuwa juu yake katika kundi kuadhibiwa kwa upangaji wa matokeo, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania mwaka 2017 na kufungwa na Simba mabao 2 kwa 1 mjini Dodoma, huku kocha wake Etienne Ndayiragije wa Burundi akija baadaye kukabidhiwa timu ya taifa. Alliance, timu ya shule, ilipanda mwaka 2018. Mwaka 2020 Mbao na Alliance zilishuka katika msimu mmoja, na jiji la pili kwa ukubwa nchini likabaki bila timu ya Ligi Kuu.

Pamba yenyewe ilikaribia mlango wa Ligi Kuu mara tatu na kurudishwa. Kanuni za ligi huzitaka baadhi ya timu zilizomaliza karibu na mkia wa Ligi Kuu kucheza michezo miwili ya mtoano, nyumbani na ugenini, dhidi ya timu za daraja la chini, na mshindi kwa jumla ya mabao ndiye anayekaa juu. Mwaka 2019 Pamba ilitolewa kwa njia hiyo na Kagera Sugar, mwaka 2021 ikatolewa na Coastal Union, na mwaka 2023 haikufika hata kwa timu ya Ligi Kuu, kwani Mashujaa ya Kigoma iliizuia katika hatua ya awali kisha yenyewe ikapanda. Timu inayoshindwa katika mtoano hupoteza zaidi ya nafasi, kwa sababu wachezaji wake bora huonekana na kuchukuliwa dirisha la usajili linapofunguliwa, na kazi ya mwaka mzima huanza upya.

Mzunguko huo ulikatwa na Halmashauri ya Jiji la Mwanza, ambayo iliichukua klabu, ikaiongezea neno Jiji katika jina na kuiingiza katika mipango yake ya fedha. Kwa namna fulani klabu ilirudi ilikotoka, kwa taasisi ya umma, isipokuwa kwamba mara hii fedha hazikutoka kwenye marobota bali kwa walipa kodi na ushuru, wakiwamo wachuuzi na wavuvi wa Igogo ambao hawakuulizwa wanashabikia timu gani. Mwezi Aprili 2024 Pamba Jiji ilipanda moja kwa moja, bila mtoano, ikiwa ya pili nyuma ya KenGold ya Chunya. Tarehe 16 Agosti 2024 ilifungua msimu wa Ligi Kuu katika uwanja wa Kirumba dhidi ya Tanzania Prisons kwa sare isiyo na mabao. Mwanzo ulikuwa mgumu, kocha Goran Kopunovic kutoka Serbia akaondoshwa kabla msimu haujafika mbali, na Fred Felix Minziro, aliyekuwa tayari ameipandisha Geita Gold, akapewa timu na kuibakiza kwenye ligi. Walioshuka mwisho wa msimu huo wa 2024/25 walikuwa KenGold, waliopanda pamoja na Pamba, na Kagera Sugar, waliokuwa wameizuia mwaka 2019.