Maua na Ndege katika Uchoraji wa Jadi wa China

Uchoraji wa jadi wa China hugawanywa kwa kawaida katika aina kuu tatu: picha za watu, picha za milima na mito, na picha za maua na ndege. Aina hii ya tatu ilianza kujitegemea katika Enzi ya Tang (618–907), na wengi huidhania kuwa ndiyo nyepesi kuliko zote. Kwa kweli, ndiyo iliyobeba maneno mazito zaidi.

Sababu moja imo katika lugha yenyewe. Kichina kina maneno mengi yenye matamshi yanayofanana, na wachoraji waliyatumia kufumba maana. Ndege aitwaye xique, wa jamii ya kunguru, hubeba katika jina lake sauti ya neno furaha, nalo ua la mei hutamkwa sawa na nyusi. Akichorwa xique juu ya tawi la mei, mtazamaji husoma kwamba furaha imepanda hadi kwenye nyusi. Yangeyange akisimama kando ya yungiyungi, hiyo ni dua ya kumtakia mwanafunzi ushindi mfululizo katika mitihani ya kuingia serikalini. Alama nyingine hazihitaji mchezo wa maneno: mudan ni utajiri na heshima, korongo ni maisha marefu, na bata wawili wa yuanyang ni mume na mke wanaopendana.

Mfalme Huizong wa Enzi ya Song, ambaye mwenyewe alikuwa mchoraji hodari, aliithamini sana sanaa hii. Orodha ya picha za kasri iliyokamilishwa mwaka 1120 ilitaja kazi zaidi ya 6,000 za wachoraji 231, na maua na ndege yalichukua sehemu kubwa. Mwaka 1112 korongo walionekana wakiruka juu ya lango la kasri mjini Kaifeng. Tukio hilo lilichukuliwa kuwa baraka ya mbingu kwa utawala wake, likachorwa, na mfalme akaandika maelezo kwa mkono wake. Picha hiyo, yenye korongo 20, imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Mkoa wa Liaoning. Baraka hiyo haikudumu. Mwaka 1127 jeshi la Wajurchen lilimchukua mateka, naye akafia utumwani mwaka 1135.

Mianzi, mei, okidi na krisanthemu huitwa waungwana wanne, kwa kuwa kila mmoja hufananishwa na tabia ya mtu mwadilifu. Baada ya Wamongolia kuiangusha Enzi ya Song mwaka 1279, msomi Zheng Sixiao alikataa kuwatumikia watawala wapya. Alichora okidi zisizo na udongo wala mizizi. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa sababu, alijibu kuwa ardhi imekwisha porwa. Okidi yake ya mwaka 1306, majani machache tu ya wino, iko katika jumba la makumbusho mjini Osaka, Japani.

Karne kadhaa baadaye Zhu Da, maarufu kwa jina la Bada Shanren, alipita njia hiyo hiyo. Alizaliwa mwaka 1626 katika ukoo wa kifalme wa Ming, na enzi hiyo ilipoanguka mwaka 1644 akawa mtawa wa Kibudha. Ndege wake husimama kwa mguu mmoja juu ya jiwe, wakiwa wamegeuza macho juu kwa dharau. Hata sahihi yake aliiandika kwa namna inayoweza kusomeka kama kulia au kucheka.

Mafumbo ya namna hiyo yalikuwa na hatari yake. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, mwaka 1974, yalifanyika maonyesho mjini Beijing ya kuzilaani zile zilizoitwa "picha nyeusi". Miongoni mwazo alikuwamo bundi wa Huang Yongyu, aliyefumba jicho moja na kufumbua jingine. Kwa Wachina, kama kwa watu wengi wa Afrika Mashariki, bundi ni ndege wa nuksi, lakini mashtaka yalihusu jicho: mchoraji alidaiwa kuudhihaki utawala. Picha yenyewe alikuwa amemchorea rafiki tu. Huang Yongyu aliendelea kuchora bundi, na alifariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 98.