Kalemie : GPS ndani ya pirogi ya uvuvi, namna ya kuichagua na kuifunga

Usiku ambao mwezi haupo ndio wavuvi wa Kalemie wanaingia ziwani na taa zao kutafuta ndakala na mikebuka. Kwa kurudi, wanategemea vitu vitatu : milima, nyota na taa za mji. Lakini umeme wa Bendera ukikatika, mji mzima unazimika. Moshi wa kiangazi ukitanda, milima inapotea. Mawingu yakifunga, nyota hakuna. Hapo ndipo swali linatoka nyuma ya pirogi : « Yaya, tuko wapi ? »

Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670. Upana wake ni kama kilomita 50 kwa wastani, na mahali fulani unafika 72. Mtu akipotea humo usiku, anachoma esansi bure, na esansi ikiisha anabaki mikononi mwa upepo. Ndiyo maana GPS, iliyokuwa kitu cha meli kubwa, leo inaingia hata ndani ya pirogi za mbao. Shida ni kwamba wengine wananunua isiyowafaa, na wengine wanaifunga vibaya, inakufa kabla ya msimu kuisha.

GPS inafanya nini, na haifanyi nini

GPS ni mfumo wa satelaiti za Marekani. Satelaiti hizo, zaidi ya 24, zinazunguka dunia kwenye urefu wa kilomita 20 200 hivi. Kila moja inatuma saa yake na mahali ilipo. Kimashini kikipokea angalau nne, kinapiga hesabu na kujua kiko wapi. Mwaka 2000 Marekani iliondoa kizuizi kilichokuwa kinapunguza usahihi kwa raia wa kawaida. Tangu hapo, penye anga wazi kama ziwani, kosa ni la mita chache tu. Vimashini vingi vya leo vinapokea pia satelaiti za Urusi, za Ulaya na za China.

Mambo mawili yashikwe vizuri. La kwanza : GPS haiombi mayunite wala rezo. Inapokea tu, kama vile redio inavyopokea matangazo. La pili linatoka humo humo : GPS ya kawaida haitumi habari kwa mtu yeyote. Wengi wanafikiri kwamba pirogi yenye GPS inaonekana bandarini. Hapana. Pirogi ikipinduka, kimashini kinajua mahali, lakini hakimwambii mtu. Telefone na watu walioachiwa habari nchi kavu vinabaki na kazi yao.

Kuchagua : aina tatu

Aina ya kwanza ni telefone ambayo mvuvi anayo tayari. Ina GPS ndani, na inafanya kazi hata bila rezo, lakini ramani lazima ipakuliwe mbele, mtu akiwa bado mjini. Bila rezo inaweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kupata satelaiti. Ubaya wake : kioo hakisikii kidole chenye maji, na batri inaisha haraka. Tena ndiyo telefone ile ile ya kuombea msaada. Ikiisha moto, vyote viwili vimekwenda.

Aina ya pili ni GPS ya mkononi yenye vibonyezo. Nyingi zinatumia mawe madogo mawili na kufanya kazi usiku kucha. Mnunuzi aangalie alama IPX7 : inamaanisha kimashini kinavumilia kuzama mita moja kwa dakika 30. Kwa pirogi ndogo isiyo na batri kubwa, hii ndiyo inafaa zaidi. Haifungwi kwa waya, na jioni inarudi nyumbani ndani ya mfuko, mbali na wezi.

Aina ya tatu ni mashini ya kufunga, yenye kioo kikubwa na umeme wa volti 12. Nyingi zina pia sonari ya kuona samaki. Inafaa pirogi kubwa na vyombo vinavyotumia tayari batri na plaki ya sola kwa ajili ya taa za uvuvi.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe iwashwe nje, chini ya anga, siyo ndani ya duka. Aangalie kama inapata satelaiti, kama vibonyezo vyote vinajibu, na kama inaonyesha ramani ya ziwa. Nyingi zinauzwa na ramani za bahari, na Ziwa Tanganyika linaonekana kama doa tupu. Hiyo si sababu ya kuikataa, maana alama mtu anazoweka mwenyewe zinafanya kazi bila ramani. Lakini ajue anachonunua.

Umeme : fizibo ndiyo mlinzi

Mashini ndogo ya kufunga inakula kama nusu ampea. Kwa saa 10 ni ampea-saa 5. Taa zikikula ampea 2, kwa saa 10 ni ampea-saa 20. Jumla 25. Batri ya asidi ya ampea-saa 50 haifai kushushwa chini ya nusu, basi hesabu hiyo inaimaliza sawasawa. Mwenye kuongeza taa nyingine aongeze batri, ama asubuhi GPS itazimika wakati anaihitaji kwa kurudi.

Waya mwekundu unaenda kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Karibu na chanya ya batri inawekwa fizibo, wengine wanasema fyuzi, ya kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashini. Kwa mashini ndogo mara nyingi ni ampea 2 au 3. Kuweka kipande cha waya mahali pa fizibo ni kuita moto ndani ya chombo chenye esansi. Batri yenyewe ifungwe kwa kamba ndani ya sanduku, mbali na dumu la esansi. Viungo vya waya visilale chini mahali maji yanakusanyika. Waya ukiwa mrefu, uwe mnene, sababu waya mwembamba unapoteza volti njiani.

Mahali pa kuifunga

GPS inataka kuona anga. Kibanda cha mbao au turubai hakiizuii sana, lakini bati linaizuia. Ifungwe mahali mwenye kushika moteri anaiona bila kugeuka. Usiku, mwanga wa kioo upunguzwe, ama macho hayataona tena pirogi ya jirani isiyo na taa.

Kwa sonari, kile kichwa kinachoingia majini kinafungwa nyuma, mbali na propela, kikiangalia chini wima. Mapovu ya propela yanaharibu picha. Kwenye pirogi ya mbao, afadhali kukifunga juu ya kipande cha ubao kinachoshuka pembeni, kuliko kutoboa mbao chini ya maji.

Ziwa hili linafika mita 1 470 za kina. Sonari ndogo haifikishi sauti chini kabisa, na kioo kinaanza kutoa namba za uongo. Mashini haijaharibika. Chini ya mita 100 hadi 200 maji ya Tanganyika hayana tena oksijeni, na samaki wanaotafutwa wanakaa juu ya hapo. Basi kipimo kiwekwe kwa mkono, mita 100 au 150, na kundi la ndakala litaonekana kama wingu.

Namba za mahali : kosa la kilomita 40

Kalemie iko karibu na 5°56′ kusini na 29°12′ mashariki. Hizo ni digrii na dakika, na digrii moja ina dakika 60. Mashini nyingine inaandika kwa desimali : 5,93. Mtu akipokea kwa telefone « tano, hamsini na sita » na kuandika 5,56, ameweka alama zaidi ya kilomita 40 kaskazini ya mji. Ekipi zinazofanya kazi pamoja zichague namna moja ya kuandika, na zote ziiweke hivyo kwenye mashini zao.

Saa pia iangaliwe. Kalemie iko saa moja nyuma ya Tanzania. Telefone ikishika rezo ya ng'ambo inaweza kubadilisha saa yenyewe, na watu waliopeana saa ya kukutana wanakosana.

Siku za kwanza

Alama ya kwanza ya kuweka ni nyumbani : mahali pa kutia nanga. Mara nyingine kabla ya safari mvuvi aanzishe kurekodi njia, halafu arudi akifuata mstari ule ule aliokuja nao. Alama zinazofuata ni za hatari. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda sana na kuingia nyumba za kandokando. Ukuta au kisiki kilichofunikwa na maji hakionekani usiku; mchana kinaweza kutiwa alama.

Mshale wa GPS ya kawaida unajua upande kama chombo kinatembea tu. Pirogi ikisimama, mshale unazunguka ovyo. Dawa ni kutembea mbele kidogo na kungoja utulie. Na pirogi iliyowasha taa haisimami kweli. Upepo ukiisukuma kilomita moja kwa saa, baada ya saa nane iko kilomita 8 mbali na pale ilipoanzia. Mwenye kuangalia namba hizo anajua abakize esansi kiasi gani.

Majaribio yafanyike mchana, mji ukionekana, na watu wawili wajifunze. Mashini inayojulikana na kapiteni peke yake haina faida siku yeye ndiye ameanguka majini. Mashini nyingi zina kibonyezo cha kutia alama papo hapo mtu anapoanguka. Kila mmoja akijue kilipo.

Yanayobaki kwa mvuvi

GPS inaonyesha mahali. Haionyeshi kama inafaa kutoka. Desemba 2014 chombo MV Mutambala kilizama kwenye ziwa hili na watu zaidi ya 100 walikufa. Kilikuwa kimebeba kupita kiasi na upepo ulikuwa mkali. Hakuna kioo kinachopunguza mzigo wala upepo wa kusini wa kiangazi. Mpaka na Tanzania nao unapita majini, na vimashini vingi haviuonyeshi vizuri.

Mwenye franga za kitu kimoja tu mwezi huu, anunue kwanza majile ya kuelea kwa kila mtu wa ekipi. Akiongeza, anunue GPS ya mkononi na mawe ya akiba. Mashini kubwa ya kufunga inaweza kungoja mavuno mazuri. Na kabla ya kusukuma pirogi, mtu mmoja nchi kavu aachiwe habari : wameelekea upande gani, na saa ngapi waanze kutafutwa.